Jina Ambalo Malimi Hakulitaja

Malimi wa Buswelu hakuwa mtu wa kunyamaza. Mumewe alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa akipunguzwa, Malimi alibeba sufuria la uji hadi lango la gereza akawauzia askari na ndugu wa wafungwa. Aliyekunywa bila kulipa hakusalimika na mdomo wake. Hapo langoni ndipo alipomwona koplo mmoja akimvunja mkono kwa rungu Owiti, mfungwa kutoka Mara. Kosa lake lilikuwa kuomba maji. Wengine waliokuwepo walikuwa askari, na askari hawakuona kitu.

Owiti alipotoka aliishtaki serikali. Mkono uliozoea kuvuta nyavu sasa ulishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Shahidi wake alikuwa Malimi peke yake, naye kesi ilipokaribia aliteleza kwenye mawe akitoka kuteka maji, akavunjika mguu. Shimba, wakili wa Owiti, akaiomba mahakama ushahidi uchukuliwe nyumbani. Ikakubali kwa masharti: mawakili wa pande zote wawepo na wote waulize, maneno yaandikwe na mjumbe wa mahakama, shahidi asomewe kabla ya kuweka dole gumba, kisha bahasha ifungwe kwa lakiri.

Wakaja Buswelu, wakakizunguka kitanda. Baba mkwe wa Malimi, Mzee Ndalahwa, akaweka kigoda nje ya dirisha, maana chumba cha mkamwana si mahali pake.

"Mama, nani alimpiga Owiti?" Shimba akauliza.

Malimi akafungua mdomo, akaufunga. Koplo yule naye aliitwa Ndalahwa, na kwao mkamwana halitamki jina la baba mkwe, hata likiwa la mbuzi. Mwenyewe yuko pale dirishani.

"Namjua," akasema. "Ila kumtaja siwezi."

Shimba, Msukuma wa kuzaliwa, alielewa papo hapo, na roho ikamuuma. Sheria haimruhusu wakili kumwekea shahidi wake jibu mdomoni. Akakaa. Sheria hiyohiyo inamruhusu wakili wa upande wa pili kumbana shahidi kwa majina na kwa lolote. Laiti wakili wa serikali, mgeni kutoka Dar, angenyamaza, angeondoka na ushindi wake. Lakini mdomo huponza kichwa.

"Mama, kubali tu humjui," akasema akitabasamu. "Huwezi kumtofautisha koplo Ndalahwa na koplo Mihayo, sivyo?"

"Nawatofautisha vizuri. Mihayo alikuwa anafunga geti. Aliyemvunja Owiti mkono ni huyo uliyemtaja kwanza."

Kalamu ya mjumbe wa mahakama ikakimbia karatasini. Wakili wa serikali akaomba swali lake lifutwe. Mjumbe akamjibu kuwa swali ni lake na jibu limeshaandikwa. Akamsomea Malimi yote, naye akabandika dole gumba kwa nguvu hadi wino ukachafua shuka.

Siku ya hukumu Owiti alitoka mahakamani akaja Buswelu moja kwa moja.

"Shikamoo mama. Tumeshinda."

Malimi akalia kwa furaha bila kujificha. Mzee Ndalahwa akasogea mlangoni, akakohoa.

"Siku ile ungeniomba, mwanangu, ningekuruhusu ulitaje jina langu."

"Najua, baba," Malimi akasema akijifuta macho. "Ila mtu yule alishavunja mkono. Sikutaka avunje na heshima ya nyumba hii."