Kalamu ya Mpini wa Jembe

Nina hasira za karibu. Mke wangu husema nimezitia kwenye mfuko wa shati, na mimi sina la kubisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikapenda kazi ya kuunganisha kalamu za mbao, yenye vipande vingine vidogo kuliko punje ya hindi, nacheka tu. Kazi yangu hasa ni milango na vitanda, hapa Mjimwema, Njombe. Kalamu ni ugonjwa wangu mwenyewe.

Vifaa vyake huja kwenye kifuko cha nailoni: vibomba viwili vya shaba, ncha, pete ya katikati, kishikizo cha mfukoni, mrija wa wino, na kijimashine cha kuzungushia ambacho ndicho roho ya kalamu. Mbao natafuta mwenyewe. Natoboa vipande viwili, nagundisha vibomba ndani, nakereza, kisha nakusanya kila kitu kwa kukibana taratibu kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mezani. Ukizungusha nusu ya juu, ncha inatoka. Ukiirudisha, inaingia. Ndivyo karatasi ya maelekezo inavyosema, na karatasi haijawahi kufanya kazi.

Kalamu iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu, anaishi Makambako. Tulipokuwa watoto, nyumbani kulikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja tu, naye akasema niende mimi. Yeye akashika jembe. Madaftari yangu yote yalitoka kwenye viazi vyake. Miaka mingi baadaye akaozesha binti yake wa kwanza, akaombwa awe shahidi, na mbele ya wakwe akaweka dole gumba. Nilimwona akilifuta kwa pindo la kitenge, akalifuta tena, na hata wakati wa chakula alilificha ndani ya ngumi. Sikuweza kula vizuri siku ile. Baada ya hapo alijiunga na darasa la watu wazima kanisani kwao.

Sasa binti wa pili alikuwa anaolewa, na dada alikuwa ameapa kwamba safari hii ataandika majina yake, yote matatu. Alikuja Njombe na mpini wa jembe lake la zamani, umelainishwa na viganja vyake mpaka unang'aa.

"Nitengenezee kalamu humu," akasema. "Huu mti mkono wangu unaujua."

Niliianza vibaya. Kwa pupa nilibana jiliwa kupita kiasi, kijimashine kikazama, ncha ikawa inachungulia nje hata kalamu ikifungwa. Nikang'oa ncha, nikakisukuma kijimashine kitoke kwa nyuma kwa keekee nyembamba, nikaanza upya, safari hii nikibana kidogo kidogo na kujaribu mrija kila mara. Ikakubali. Alhamisi nikampelekea dada, nikarudi nyumbani nikijiona fundi wa mafundi.

Jumamosi asubuhi, siku ya ndoa, niliingia kwake nikiwa na suti na tabasamu. Uani wanawake walikuwa wanamenya viazi na kupigiana vigelegele vya majaribio. Dada alinivuta pembeni.

"Mdogo wangu, haizunguki."

Nikajaribu. Kweli, imekaza kama mlango wa masika. Nikampigia simu aliyeniuzia vifaa, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikalaumu gundi. Nikalaumu kijimashine. Nikawalaumu waliochapa maelekezo. Muda wote huo dada alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake kipya.

"Umemaliza?" akauliza. "Mimi niliiloweka."

"Uliloweka nini?"

"Kalamu. Jana nilikuwa najifunza jina, kichwa chake kikawa kinalegea, kinachomoka. Nikaitia kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Jembe likilegea unafanyaje?"

Huku kwetu hakuna asiyejua jibu. Jembe likilegea unaliloweka, mpini unavimba, asubuhi unakwenda shamba. Mimi mwenyewe nililoweka majembe ya nyumbani nikiwa mtoto wa kaptula. Nilifungua mdomo nimgombeze, nikashika nusu ya juu ya kalamu, na hapo nikakumbuka kwamba Alhamisi niliiona inateleza kidogo juu ya kijimashine, nikasema moyoni itakaa yenyewe. Nyani haoni kundule. Ugonjwa dada aliuona sawasawa. Dawa tu ndiyo ilikuwa ya jembe.

"Nitaweka dole," akasema polepole. "Si mara ya kwanza."

"Huweki dole," nikasema, kwa sauti iliyowashtua wamenya viazi.

Nilichomoa nusu mbili, nikatoa mrija, nikazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, katikati ya mashuka. Upepo wa Makambako, ambao kila siku tunautukana kwa vumbi, siku ile niliuomba radhi. Saa mbili baadaye mbao ilikuwa imekauka vya kutosha. Miisho iliyovimba na kuibana pete niliilainisha kwa msasa, nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa na suti yangu. Kuhusu kulegea, dada alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la kitenge chake, nikauzungushia kwenye kijimashine, nikarudisha mrija, nikasukuma nusu ya juu. Ikashika. Nikazungusha: ncha nje, ncha ndani. Nikampigia tena muuzaji, nikamwomba msamaha, akacheka mpaka nikakata simu mimi.

Kanisani, mchungaji alimwonyesha dada mstari, kisha mkono wake ukaenda kwenye kidau cha wino wa dole, kwa mazoea. Dada akatikisa kichwa. Akazungusha kalamu. Mimi kwenye benchi nikanyoosha shingo nione.

Aliandika taratibu, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Jina la kwanza. La pili. Kwaya ilimaliza wimbo na kuanza mwingine, na hakuna aliyemharakisha. La tatu likapanda juu ya mstari kidogo, likafika.

Kisha akashika pindo la kitenge chake, nikadhani anataka kufuta kidole. Hapana. Aliifuta kalamu, kuanzia juu hadi kwenye ncha, kama tunavyofuta jembe kabla ya kuliingiza ndani. Akaniangalia mimi. Nililia mbele ya wakwe wote, na suti yangu ina mkaa makalioni.