Kobe Wetu na Bwawa la Baba Mdogo

Sijawahi kumsamehe baba mdogo, na sioni kwa nini nianze sasa. Watu huniambia yale yalikuwa mambo ya kobe tu, yamepita. Ni rahisi kusema hivyo kama kobe hakuwa wako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara za watu binafsi, Dodoma ikiota gesti kila kona na kila mwenye lori akijiita mwekezaji. Baba mdogo alikwenda visiwani kununua mitumba, akalala kwenye hoteli ya ufukweni ambako kasa waliojeruhiwa na nyavu walitibiwa, na wakipona walirudishwa baharini. Wazungu, alituambia, walipiga picha huku machozi yanawatoka. Alirudi na wazo. Hoteli yake mpya, njia ya Msalato, ilikuwa na bwawa la kuogelea, na sisi tulikuwa na kobe.

Bwawa lenyewe lilinichefua kabla ya yote. Mtaa mzima tulipanga ndoo tangu alfajiri kungojea bomba, yeye akaagiza maboza ya maji ili wageni wachezee.

Kobe alikuwa wa mama. Bibi alimleta kutoka Haneti ndani ya kikapu, na bibi alipofariki, mama hakubakiwa na kitu chake kingine ila khanga mbili na huyo kobe. Aliishi uani kwetu, akila majani ya mzabibu na maganda ya papai, na kiangazi kikikaza alijichimbia nyuma ya magunia ya mkaa. Maji aliyoyajua ni ya kwenye mfuniko wa sufuria.

"Kaka, naomba kumwazima siku moja tu," baba mdogo alisema.

Mama alimwambia wazi. "Shemeji, huyu si kasa. Tazama hiyo miguu, mapezi yako wapi?"

"Ah, shemeji nawe! Wote si wana gamba?"

Baba hakuwahi kumnyima mdogo wake kitu. Akasema apewe.

Siku ya ufunguzi walijaa waheshimiwa na matajiri wa mjini. Baba mdogo, suti imembana, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hoteli yake imemwokoa kasa huyu mikononi mwa wawindaji, na sasa inamrudisha kwenye maji yake. Akamwachia upande wenye kina.

Kobe alizama moja kwa moja. Watu wakapiga makofi.

"Anapiga mbizi!" baba mdogo akasema. Bwana mmoja kando yangu, soda mkononi, akatikisa kichwa: "Duh, ana pumzi huyo." Nilipiga kelele kwamba anakufa. Nikaambiwa, binti, nyamaza, kuna wageni. Nikikumbuka hapo damu inanichemka hadi leo. Maji yalikuwa meupe, kila mtu alimwona anavyotapatapa kule chini, na bado wakashangilia.

Mama alivua viatu akaingia na khanga zake. Hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, maji yakamfika kidevuni, akamkokota kobe kwa wayo wake hadi penye kina kifupi. Hakuna mwanamume aliyevua hata saa kumsaidia.

Alimtoa majini, akamgeuza kichwa chini, kama anavyofanyiwa mtoto wa mbuzi aliyezaliwa amemeza maji, akawa anamvuta miguu na kuirudisha, huku muziki umeshawashwa. Maji yakamtoka puani. Baadaye sana, akafumba na kufumbua jicho moja.

Nyumbani tulimlaza kwenye blanketi karibu na jiko. Alikohoa, akakataa kila kitu, akakonda mpaka shingo ikawa kamba. Mama alimtafunia majani ya mzabibu akampaka mdomoni, na jioni moja akayameza. Mama alilia waziwazi.

Baba mdogo hakuja kumjulia hali. Alikuja kobe alipoanza kutembea, na mpiga picha nyuma yake. Wageni, alisema, wanamuulizia yule kasa aliyeokolewa na hoteli.

Aliyeokolewa na hoteli!

Baba alifungua mdomo, nadhani kusema apewe. Mama akamtangulia.

"Sawa, shemeji, tutamleta. Ila safari hii anza kuingia wewe, upande ule ule, na suti yako. Ukizama usijali, sisi tutapiga makofi."

Baba aliinuka, akaenda kumfungulia mdogo wake mlango wa nje.