Tope Kwenye Friji ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni fundi wa maabara, na kazi yake ni kuchokoza tope. Hukita bomba la plastiki angavu kwenye kinamasi nyuma ya ufuko, akalichomoa limejaa, kisha akasoma matabaka. Akikuta mchanga wa bahari chini ya tope la miaka na miaka, huuliza: nani aliuleta huku? Wimbi la kawaida halifiki. Tsunami hufika.

Mimi diploma ilinikatikia njiani kama ndala. Alinipokea, na hajawahi kunihesabia tonge. Mungu ampe maisha marefu.

Sasa, kwenye kinamasi kile ilitakiwa kujengwa shule, na mwanawe wa mwisho ndiko angeanzia darasa la kwanza. Bomba lake lilionyesha mstari wa mchanga karibu na ncha moja. Wajenzi wakacheka: "Mama, huo umemwagwa na malori juzi." Ungekuwa wa malori kama ungekuwa juu. Ulikuwa chini, na mshale wa kuonyesha juu aliouchora kwa kalamu kwenye bomba ulithibitisha hivyo.

Umeme wa maabara ukakatika. Akalileta bomba nyumbani, akatoa sufuria, akalilaza kwenye friji lisikauke.

Asubuhi tukamkuta baba mdogo, mumewe, mtu asiyelala akiona doa, anafuta mikono.

"Mshale uko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Yale machorochoro? Nimeyasugua kwa sabuni. Sema asante, mke wangu."

"Baba watoto! Sasa nitajuaje juu ni wapi?"

"Si uligeuze tu?"

"Nikugeuze wewe!"

"Baba mdogo," nikachomekea, "ukimaliza hapo kaipige deki na bahari." Kitambaa kikanitua usoni.

Mama mdogo hakugusa chai. Alilipasua bomba pale pale mezani, akainama mpaka pua ikakaribia tope. Kwenye ncha iliyo mbali na mchanga kulikuwa na vizizi vya nyasi, vinene mwanzoni, vikizidi kuwa vyembamba kuelekea katikati. Akaketi, machozi yakimlengalenga.

"Nyasi haziotei chini ya ardhi. Juu ni huku. Mchanga uko chini kabisa."

"Kwa hiyo nimesamehewa?" baba mdogo akanong'ona.

"Umesamehewa. Brashi naificha."

Shule ilijengwa kilimani. Kila asubuhi mdogo wangu hupanda akihema na kumlaani aliyeipeleka huko. Mimi hushukuru kimyakimya. Mama mdogo humkabidhi begi getini, akitabasamu.

"Laani tu, mwanangu. Laani ukiwa juu."