Siku Shemeji Alipoandika "Ametutoka"

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnisamehe, lakini haya si ya kuhadithiwa. Mimi ndiye niliyetangazwa kufa. Majina ya walionitangaza ninayo yote kichwani, na Tarime nzima inawajua, ila mke wangu kanikataza kuyaandika. Sawa. Nitawataja kwa kazi zao na mahali wanapokaa. Anayewajua atawajua.

Nauza mipini ya majembe sokoni Tarime. Siku ile nilikuwa navuka barabara na mzigo begani, bodaboda akanipitia mguu. Simu ikapasuka, mguu ukavimba, nikapelekwa hospitali. Wakasema mfupa una ufa, huenda wakapasua waangalie. Niliposikia kupasua, usingizi ukaisha. Dada yangu ameolewa Busawe, kule Serengeti, na jirani yake ni mzee anayeunga mifupa kwa kukanda na kufunga vijiti. Asubuhi shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa ananiuguza. Alipotoka kuninunulia uji, nikashuka kitandani, nikafuata ukuta mpaka getini, nikakodi bodaboda. Ndiyo, bodaboda tena. Ningepanda nini?

Shemeji akarudi na uji wake, akakuta kitanda kitupu. Akaandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ujumbe wenyewe niliusoma baadaye mara nyingi kuliko ninavyosoma kitu kingine chochote: "Ndugu zangu, shemeji ametutoka asubuhi hii hapa hospitali. Hatujui amekwenda wapi."

Sisi Kiswahili tulikikuta shuleni. Nyumbani ni Kikurya. Kwa shemeji, mtu akiwatoka amewatoka, amewaponyoka kama ndama anavyotoka zizini. Hata mimi ningeandika vilevile. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye Kiswahili cha redioni na cha kanisani neno hilo lina jeneza ndani yake.

Mhusika wa kwanza ni binamu yangu mmoja wa grupu hilo, anajijua, ambaye hakupiga simu kuuliza. Aliuchukua ujumbe akaurusha kwa Ghorofani.

Ghorofani ni nani? Tarime tuna tovuti mbili za habari za hapahapa: mnada uko lini, maji yamekatika wapi, nani kaibiwa ng'ombe. Moja iko juu ya duka la mbegu, na mwenye nayo ndiye tunamwita Ghorofani. Nyingine iko kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, karibu na stendi. Ni ya bwana aliyekuwa zamani anazunguka na spika juu ya gari akitangaza misiba na magodoro. Huyo ni Stendi. Ghorofani anakula kwa wenye maduka: habari yake ikifunguliwa na watu wengi, wanamletea matangazo yao. Stendi anakula kwa tanzia: familia inamlipa aweke picha ya marehemu na ratiba ya mazishi. Mpaka hapo nilielewa. Nisichoelewa mpaka leo ni kwamba Ghorofani, ili amkomoe Stendi, alianza kuweka tanzia bure. Watu wakija kuangalia nani kafa, wanaona na matangazo ya saruji. Kwa hiyo kifo changu hakikulipiwa na mtu. Kilikuwa nyongeza tu, kama ndizi moja anayokutupia muuzaji juu ya fungu.

Ghorofani aliukata ujumbe wa shemeji akabakiza "ametutoka". Ile ya "hatujui amekwenda wapi" akaitupa. Stendi alipoona kapitwa, akanakili. Na kwa sababu hakutaka ionekane amenakili, akaongeza yake: kwamba nilikuwa mfanyabiashara maarufu, kwamba niliugua kwa muda mrefu, kwamba mwili uko mochwari. Nimeuza mipini miaka yote hiyo na hakuna mtu aliyewahi kuniita maarufu. Mpaka nife!

Mimi niko Busawe, mguu umefungwa vijiti, sijui lolote. Simu ya dada ilikuwa senta kwa mwenye sola, na mawingu hayakutaka kuondoka. Siku ya tatu ikapata chaji. Nikamsikia uani anabishana nayo.

"Nani kafa? Huyu anayemaliza mboga zangu?"

Nilifika nyumbani Susuni mchana, nyuma ya pikipiki, mguu nimeunyoosha kama mpini. Nikakuta moto wa msiba, watu wamejaa, na kando ya migomba shimo limeshafika kiunoni mwa mchimbaji. Shemeji, ambaye angewaeleza, alikuwa bado mjini ananitafuta, simu imezima, na waliotumwa mochwari walikuwa hawajarudi. Wachimbaji waliponiona walitupa majembe. Mawili kati ya hayo yalikuwa na mipini yangu. Mke wangu alikuja mbio, akanizaba kibao, kisha akanishika asiniachie.

Lakini baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa mji wetu, yaani boma letu, tangu baba yangu afariki, alisimama mlangoni mwa nyumba yangu na fimbo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hakuitika. Nikarudia. Akanitazama kama mtu anavyotazama kitu kisichotakiwa kujibiwa.

"Tumekulilia siku mbili," akasema. "Kilichokuua kiko wapi?"

"Hakuna kilichoniua. Ni maneno tu, kwenye simu."

"Basi maneno hayo yaondoke kwanza. Huwezi kulala ndani na kifo chako kiko nje kinatembea."

Nilikuwa sijawahi kusikia mila hiyo. Niliuliza wazee wengine. Mmoja akasema ndivyo ilivyo, mwingine akasema zamani ilitosha kumwaga maji. Wote walikubaliana kwamba la simu hawalijui. Basi nikawa nalala kwenye jiko la nje, mimi na kuku, na mke wangu ananipitishia sahani kama mgeni. Kila asubuhi nasema shikamoo, kila asubuhi baba mkubwa anatazama migomba.

Nikaenda mjini. Ngazi za Ghorofani nilizipanda kwa makalio.

"Aa, mzee wangu!" akasema, amefurahi kabisa. "Pole sana. Unajua wewe ndiye unaongoza?"

"Naongoza nini?"

"Wiki hii hakuna kilichofunguliwa kama wewe. Nikikutoa, wote wanaokutafuta watakwenda kwa Stendi."

"Wananitafuta mimi? Niko hapa."

"Wanatafuta tanzia, mzee."

Nikashuka, nikavuka barabara ileile iliyonivunja, nikaenda kwa Stendi. Naye alikuwa na adabu tele. "Nikiitoa mimi kwanza nitakuwa nimekiri uongo. Aliyeanza aanze. Akitoa, nami natoa. Ila kama unataka, nakuwekea nyingine, 'Yu hai', na picha ya rangi. Hiyo ni ya kulipia, baba, maana si msiba."

Nikarudi Ghorofani. Ghorofani akasema Stendi atoe kwanza. Nikarudi Stendi. Akina mama wa dagaa walikuwa wananitazama nikienda na kurudi na fimbo yangu, na mmoja akapaza sauti: "Marehemu! Mipini leo bei gani?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao, halafu nikakasirika kwa sababu nilicheka. Nani mkosaji hapo? Kila niliyemwendea alinipa kiti na kuniambia pole.

Mara ya mwisho nilidanganya. Nilimwambia Ghorofani kwamba Stendi anaandika sasa hivi kwamba niko hai. Sikuwa nimefika chini ya ngazi nikasikia anapiga kelele kutafuta waya wa kompyuta. Na Stendi alipoona ya Ghorofani, akaweka yake. Moja iliandika nimefufuka, nyingine iliandika ina siri nzito ya aliyerudi. Nilidhani nimeshinda. Shemeji akanionyesha kwenye simu yake: chini ya habari zote mbili palikuwa pameandikwa "Soma pia", na hapo palikuwa na tanzia yangu, haijaguswa hata nukta. Sasa ilikuwa inafunguliwa zaidi.

Tukaipeleka hivyohivyo kwa baba mkubwa. Shemeji akamsomea yote, amesimama mbali kidogo kwa aibu. Watu wa mji walisogea.

"Kwa hiyo umekufa au hujafa?" baba mkubwa akaniuliza.

"Kwa Ghorofani ni vyote viwili."

"Na kwa huyo mwingine?"

"Vilevile, ila kule ni maarufu."

Nadhani na yeye alikuwa amechanganyikiwa, ila mkubwa wa mji hawezi kusema hivyo. Kisha akamgeukia shemeji.

"Neno la kwanza lilitoka kwa nani?"

"Kwangu, mzee."

"Uliandika kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Ulikuwa unawaandikia Waswahili?"

"Hapana. Ninyi."

"Basi tuambie sisi."

Shemeji akakohoa, akatutazama, akausema ujumbe wake wote kwa Kikurya, na ile sentensi ya pili iliyotupwa: kwamba mtu huyu alitoroka kitandani asubuhi, na yeye akabaki na kikombe cha uji hajui ampe nani. Kwa lugha yetu kutoroka ni kutoroka. Kwanza alicheka mke wangu, khanga mdomoni, halafu mji mzima. Baba mkubwa hakucheka. Akaagiza ukatwe mgomba, ulazwe kwenye shimo badala yangu, lifukiwe.

Tanzia bado ipo. Juzi mteja alinunua mipini miwili na kuniuliza kama mimi ni mdogo wake yule maarufu. Nikamwambia ndiyo.

Lakini siku ile shimo lilipokwisha kufukiwa, nilikwenda mpaka mlangoni kwangu nikasimama.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Akautazama mguu wangu, akaitazama simu mkononi mwa shemeji, akaondoa fimbo mlangoni.

"Marahaba," akasema. "Ingia upesi, kabla hawajaandika tena."