Mkono wa Sweta Uliokataa Kupungua

Leila Fadlalla wa mtaa wa Kambi Muru alikuwa amejigamba, na aliye juu mngoje chini. Kompyuta kuukuu iliyoongoza mashine ya kufuma sweta ya Wakarima, fundi wa kule Kawangware, ilipokata roho, Leila alisema hilo si neno: angeandika programu ya kuifanya simu iwe kama kompyuta ile. Aliandika miezi minane. Wakarima, mama wa kicheko kikubwa, alingoja hadi subira ikamwishia. Jumamosi hii isipofuma, mashine inachukuliwa na mtu wa vyuma vikuukuu.

Asubuhi ilifuma! Kifua cha sweta kikatoka safi. Mkono nao ukaanza vizuri begani, lakini pale ulipopaswa kupungua kuelekea kiganjani ukapanuka, ukazidi kupanuka.

"Leila wangu," Wakarima akasema akiuinua, "hii ni mkono ya nani? Ya ndovu?"

"Nipe mpaka saa kumi, anti."

Leila akarudi kwenye simu. Programu yake ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilifuata amri za kompyuta ya zamani moja moja, polepole mno kwa mashine. Ya pili ilizitafsiri kwa mkupuo kuwa lugha ya prosesa ya simu, na hiyo ndiyo iliyokimbia. Aliupitisha mkono uleule katika njia zote mbili, akalinganisha hesabu. Hakuanzia mwanzo. Alifanya kama nyanyake Sitelbanat anapokosea ua katika tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula: alitazama katikati, kisha katikati ya nusu iliyoharibika, hivyo hivyo hadi akabaki na amri moja. Toa mbili. Njia ya polepole ilitoa mbili. Ya haraka ilijumlisha mbili, kwa sababu Leila mwenyewe, kwa mikono yake, ndivyo alivyoiandika itafsiri.

Mbona basi majaribio yake mia na zaidi hayakuliona kosa hilo? Alipong'amua alicheka peke yake hadi Wakarima akageuka. Michoro yote ya majaribio aliitoa kwenye tabaga za nyanyake, na tabaga huanzia kitovuni ikipanuka tu. Miezi minane yote hakuwahi kuiomba simu ipunguze kitu.

Alirekebisha mstari mmoja. Saa tisa na nusu mkono mpya ukashuka, ukajikusanya vizuri. Wakarima aliuvaa mkononi nyuzi zikining'inia, akakunja ngumi, akaikunjua, kisha akampigia simu yule mtu wa vyuma.

"Usikuje," akamwambia. "Iko kazini."

Ule wa ndovu Leila aliubeba nyumbani. Nyanyake, alipoambiwa una kosa, aliugeuzageuza, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye wembamba hadi kwenye upana.

"Mbona huu umetoka sawa kabisa," akasema. "Kosa liko wapi?"