Mzee aliyemuosha Dismasi

Nilikuwa katikati ya kuhubiri, maiki mkononi, mzee mmoja wa kanzu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyo mdogo wako alikuwa na nini kifuani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Frida, kwetu Rumonge, Burundi. Kanisa letu lilituma timu ya injili Kigoma, tuhubiri Ujiji na vijiji vya ufukweni. Niliomba mwenyewe niende. Wenzangu wakadhani nina mzigo wa roho za watu. Wapi! Nilikuwa na ugomvi na ziwa. Na Mungu pia, tusifichane.

Mwaka juzi mdogo wangu Dismasi alipanda boti ya mizigo kuja Kigoma. Dhoruba ikaipindua. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana.

Mama akagoma kuweka matanga. "Nimlilie nani? Mmemuona?" Tangu hapo, mtu akipiga hodi, mama ndiye alikuwa wa kwanza mlangoni.

Basi siku hiyo, karibu na soko la Ujiji, zamu yangu ikafika. Mahubiri yote niliyoandaa yakayeyuka. Nikajikuta nasema tu, "Ziwa lenu hili limebaki na mdogo wangu."

Ndipo mzee akauliza.

Nikashuka, nikamfuata. "Shikamoo mzee. Mbona unauliza hivyo?"

"Marahaba. Naitwa Hamdani. Mimi ndiye muosha maiti wa mtaa huu. Ninachokiona kwa marehemu hakitoki mdomoni mwangu, ni amana. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia. Niambie wewe."

Nikamwambia. Msalaba. Alijichora mwenyewe kwa sindano na wino, bado anasoma, ukatoka umepinda. Mama alimchapa viboko siku ile.

Mzee akafumba macho.

"Umeinamia kushoto," akasema.

Jamani! Nililia palepale, mbele ya wauza dagaa, na maiki bado iko wazi, soko zima linanisikia.

Akatupeleka makaburini, mimi na kiongozi wetu, Mchungaji Nehemia. Kaburi la udongo, halina jina, lakini limepaliliwa vizuri.

"Tunamuita Mgeni," mzee akasema. "Mke wangu Shadya ndiye anayepalilia."

Mchungaji akanivuta pembeni. "Frida, huyu ni wetu. Hapa amezikwa Kiislamu. Tufuatilie vibali, tumhamishe."

Mzee alikuwa amesikia.

"Nilijua ni Mkristo," akasema taratibu.

Tukageuka wote wawili.

"Niliuona ule msalaba, nikaufunika haraka. Hali aliyookotwa nayo ufukweni haikuwa ya kusubiri. Ningefungua mdomo, watu wangeanza kubishana ni wa nani, azikwe wapi, na yeye yuko juani. Nikanyamaza. Nikamuosha, nikamvisha sanda, tukamswalia. Kama nilikosea, nitajibu mimi kwa Mungu."

Mchungaji akasema "Asante, mzee," basi. Mchungaji Nehemia huyu huyu, anayeombea chakula mpaka ugali unapoa!

Nikampigia mama. Uamuzi ulikuwa wake. Nikamweleza yote: kaburi, mzee, na mpango wa mchungaji wa kumhamisha.

Mama akauliza:

"Huyo mzee alimuosha kwa mikono yake?"

"Ndiyo, mama."

"Maji yalikuwa ya moto? Dismasi hapendi maji ya baridi."

Nikamgeukia Mzee Hamdani, nikamuuliza kama nilivyoulizwa.

Wala hakushangaa. "Ya vuguvugu. Niliyapasha."

"Ya vuguvugu, mama. Aliyapasha."

"Basi mwacheni hapo," mama akasema. "Msimsumbue."

Halafu akalia. Kile kilio alichotunyima muda wote ule, nilikisikia kwenye simu, nimesimama makaburini Ujiji, nchi ya watu, na siwezi hata kumshika mkono.

Mzee akaomba simu. Yeye anaongea Kiha, mama anajibu Kirundi, lugha ndugu, na wanaelewana. Mama alikuwa anarudia neno moja tu la shukrani. "Urakoze. Urakoze."

Siku za misheni zilizobaki sikushika tena maiki. Asubuhi nilikwenda kwa Bibi Shadya, tukapalilia pamoja, mchana nikaosha vyombo vyake. Hatukuongea dini hata kidogo.

Msidhani nimepona. Mdogo wangu bado amekufa na bado inauma, kuna siku nalia barabarani kama mwehu. Ila nilivuka ziwa nikijiona nimewabebea Mungu watu wa Ujiji. Kumbe alishafika zamani, na siku ile alikuwa jikoni kwa Mzee Hamdani akipasha maji.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa: ukimkuta mtoto wa mwenzio ameanguka, usianze kuuliza ni wa dini gani. Mfunike kwanza.