Tairi Lililojikaza

Juzi, nikiwa kwa fundi matairi wa Tegeta, baba mmoja alileta gari lake la mbio, aina isiyobeba spea kwa kuwa matairi yake hutembea hata bila upepo. Alitaka mapya ya aina ileile. Fundi akapima upepo wa moja la zamani: sifuri.

"Hili lina pancha siku nyingi, mzee. Limejikaza kisabuni mpaka limefia ndani."

"Kama mwenyewe," akadakia mkewe aliyekuja naye. "Kila ukimuuliza, 'Niko poa.'"

Baba akasugua kipara. "Basi nifungie ya kawaida, na spea. Halafu, mama, jicho langu la kulia halioni vizuri tangu Ramadhani."

Mkewe hakugomba. Alinyoosha mkono, akapewa funguo za gari.

Nilipofika nyumbani, mke wangu akaniuliza habari za kutwa; siku zote humjibu "Poa" huku napita. Safari hii nilivuta kiti kwanza, ndipo nikajibu.